Adolphe Kégresse, fundi mwenye alipatia gari miguu ya kiwavi

Kama kuko kitu ambacho watu wa Makobola wanakijua kuliko mainjinia wa Kinshasa, ni matope. Mvua ikishuka milimani, RN5 kati ya Uvira na Baraka inakatika, kamyo inalala na mizigo yake, shoferi anazima mashini, na vijana wa kijiji wanafika na mbao. Ubao mmoja unawekwa chini ya mpira, gari inapanda, inasogea mita mbili, ubao wa nyuma unang'olewa na kukimbizwa mbele. Tena na tena. Wachimbaji wanaopanda Misisi na wale wanaoshuka wanaujua mchezo huo, mchana na usiku, na bei yake vilevile.

Leo tunaeleza maisha ya Mfaransa mmoja, Adolphe Kégresse, mwenye alijiuliza kama gari haiwezi kutembea na ubao wake yenyewe. Alitafuta jibu kwa ajili ya mtu mmoja tu, kati ya matajiri wakubwa kabisa wa wakati ule: mfalme wa Urusi, mwenye hakutaka magari yake ya anasa yafungwe ndani juu ya theluji. Kazi hiyo ya kumfurahisha mfalme ikaja kuwa kazi ya jangwa, halafu ya pori letu la Kongo, halafu ya vita. Zile jeep kubwa za vioo vyeusi zinazotupita na kutuachia vumbi, babu yao mmoja alizaliwa katika garaji ile.

Kégresse alizaliwa tarehe 20 Juni 1879 kule Héricourt, mji mdogo wa viwanda mashariki ya Ufaransa, si mbali na Montbéliard, kwenye ukoo wa Peugeot ulikuwa unatengeneza baiskeli na kisha magari. Alijifunza ufundi kijana, katika miaka ambayo gari lenyewe lilikuwa bado kitu cha kushangaza, na kila fundi alikuwa anabuni vyake. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa na miaka 20 na kitu, akafunga mizigo akaenda Urusi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mbali vile? Kumbe wakati ule Ufaransa na Urusi walikuwa marafiki wa vita na wa pesa. Benki za Paris zilikopesha Urusi reli na viwanda, na mafundi walifuata pesa, sawa vile leo tunaona mafundi Wachina wanafuata mashini zao mpaka kwenye mito yetu. Kégresse alifanya kazi kwanza katika kiwanda kule Sankt Petersburg. Baadaye akaingia kwenye garaji ya Nikolai wa Pili, na akapanda mpaka kuwa mkuu wa ufundi wa garaji hiyo, pale Tsarskoye Selo, karibu na jiji.

Hapa inafaa tusimame kidogo, juu garaji ile haikuwa ya kawaida. Msimamizi wake alikuwa bwana mkubwa wa ikulu, mwana wa ukoo wa Orlov, na mwanzoni bwana huyo alishika usukani yeye mwenyewe, mfalme akikaa nyuma. Magari yalianza machache, yakafika makumi. Kulikuwa na Mercedes za Wajerumani na Rolls-Royce za Waingereza, lakini gari lililopendwa sana lilitoka Saint-Denis, pembeni ya Paris, kwa kampuni yenye jina Delaunay-Belleville. Watu wa Delaunay-Belleville walikuwa wametajirika kwa kutengeneza matangi ya mvuke ya meli. Waliingia kwenye magari baadaye, wakatengeneza machache na ya bei kali. Mwaka 1909 walimtengenezea mfalme wa Urusi gari la pekee, wakaliita SMT, herufi tatu zenye maana ya Mtukufu Tsar kwa Kifaransa. Mashini yake iliwashwa kwa hewa iliyosukumwa ndani ya chupa ya chuma, ili shoferi asishuke kuzungusha fimbo ya mbele mbele ya macho ya wageni.

Njo vile magari ya watu wakubwa yalikuwa yanazaliwa. Rolls-Royce yenyewe ilikuwa inauza mashini, magurudumu na shasi tu. Mwili wa gari, ile tunaita karoseri, ulitengenezwa na karakana ndogo zenye zilirithi kazi kutoka kwa mafundi wa mabehewa ya farasi: watu wa mbao, wa ngozi, wa rangi. Mnunuzi alikuja na mapenzi yake, fundi akapima na kukata. Wale kati yetu wenye wameona vijana wa kuchomelea wanavyochukua shasi ya kamyo iliyochoka na kuijengea mbavu mpya, benchi na chuma cha kuzuia ng'ombe mbele, wataelewa mara moja. Kazi ni ile ile. Ila pale kulikuwa hariri na hapa kuna chuma cha pipa.

Bon. Gari la mfalme lilikuwa zuri, lakini Urusi ina theluji nusu ya mwaka. Gurudumu jembamba lenye kubeba tani mbili au tatu linazama ndani ya theluji mpaka ekseli, linazunguka bure, linachimba kaburi lake. Mfalme alipotaka kwenda kuwinda au kutembelea askari wakati wa baridi, magari yote yale ya ajabu yalikaa, na farasi akarudi kazini na kigari chake cha kuteleza. Kwa mkuu wa garaji hiyo ni haya.

Kégresse aliona kwamba shida haiko kwenye nguvu ya mashini, iko kwenye mguu. Mchukue mchimbaji mwenye kilo 60 na mfuko wa kilo 50 wa mchanga mgongoni. Akisimama kwa visigino viwili kwenye udongo laini, anazama. Akilala chini na mfuko wake, hazami, na kilo ni zile zile 110. Uzito haujapungua, umegawanywa tu. Trekta zenye minyororo ya chuma zilikuwa zimeshajua siri hiyo huko Marekani na Uingereza. Lakini mnyororo wa chuma ni mzito, unapiga kelele, unatetemesha watu, unaharibu barabara, na hauendi mbio. Nani atamweka mfalme juu ya kitu kama hicho?

Jibu lake lilikuwa mkanda. Aliondoa magurudumu ya nyuma, akaacha ya mbele kwa kukata kona, na nyuma kila upande akafunga mkanda mmoja wa mpira uliotiwa nguvu kwa kitambaa kigumu, mkanda usio na mwanzo wala mwisho, unaozunguka kati ya roda kubwa mbili. Katikati, roda ndogo zilikandamiza mkanda chini, zikiwa zimefungwa kwa namna ya kuinama na kuinuka zenyewe, hivi kwamba jiwe likija mkanda unalifuata badala ya kupigana nalo. Wakati wa theluji nzito aliweka na mbao za kuteleza kwenye magurudumu ya mbele. Mpira ulikuwa mwepesi, haukupiga kelele, na gari liliweza kukimbia karibu sawa na gari la kawaida. Ubao wa Makobola, lakini ubao unaojichukua wenyewe nyuma na kujiweka mbele.

Aliujaribu, akaubadilisha, akaujaribu tena miaka mingi, na kabla ya vita vya 1914 wazo lilikuwa limeandikwa kwa jina lake. Rolls-Royce na Packard za mfalme zikapata miguu mipya. Wafaransa baadaye walipatia gari la aina hiyo jina la kiwavi, yule mdudu wa majani anayetambaa, na kweli ukiangalia mkanda unavyobonyea juu ya mawe utasema ni mdudu mzima.

Wakati huo huo, kwenye ziwa letu, watu walikuwa wanapambana na shida ile ile bila dawa yake. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town mpaka Tanganyika ili kuwafukuza Wajerumani. Reli iliwafikisha Fungurume tu. Kutoka pale, zaidi ya kilomita 200 za milima na pori, boti zilivutwa na trekta mbili za mvuke, na ng'ombe, na watu. Magurudumu ya chuma ya trekta yalizama, madaraja yalivunjika, na zaidi ya madaraja 100 yalibidi yajengwe kwa miti iliyokatwa na Wakongomani. Boti zikafika Lukuga, pale tunapoita leo Kalemie, na Desemba ile zikapigana. Vitabu vinataja sana afisa wa Kiingereza mwenye aliongoza msafara. Wenye walikata ile miti, hata jina moja hatujawahi kulisoma.

Turudi Urusi. Vita vilipoanza jeshi likataka mkanda wa Kégresse pia. Mwaka 1916 agizo lilitolewa la magari ya vita 60 ya Austin, ya kuvaa chuma, kuwekewa mikanda katika kiwanda cha Putilov. Kabla kazi haijafika mbali, mwezi wa tatu 1917, mfalme akaacha kiti. Mafundi wa ikulu, hasa wageni, walielewa upepo. Kégresse akatoka na familia yake kupitia Finlandi, akaacha garaji, magari na kazi ya miaka zaidi ya 10.

Lakini mapinduzi hayakutupa vitu vyake. Watawala wapya waligawana magari ya mfalme, na Putilov wakaendelea kufunga mikanda ya yule Mfaransa aliyekimbia. Lenin mwenyewe, mwenye alisema na dunia nzima kwa jina la wafanyakazi, alitembezwa kwenye theluji na Rolls-Royce yenye mikanda ya Kégresse na mbao za kuteleza mbele. Gari hilo liko mpaka leo kwenye nyumba ya makumbusho ya Gorki, nje ya Moscow. Hatumcheki. Theluji haiangalii chama.

Kégresse akarudi Ufaransa akiwa na miaka 40, na wazo kichwani. Wazo bila pesa ni sawa na shimo bila PDG: unajua dhahabu iko chini, lakini nani atakulisha mpaka uifikie? PDG wake akawa Jacques Hinstin, mfanyabiashara mwenye aliwahi kushirikiana na André Citroën kwenye biashara ya gia, miaka mingi kabla Citroën hajatengeneza gari lake la kwanza. Hinstin akafungua mlango. Citroën, mwenye alikuwa ameanza kutoa magari mwaka 1919 kule quai de Javel mjini Paris, alikuwa mtu wa kupenda mambo yanayoonekana mbali. Ni yeye aliyekuja kuandika jina lake kwa taa juu ya mnara wa Eiffel. Alipoona gari dogo linapanda theluji na mchanga, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 1921 majina matatu yalifungwa pamoja: Citroën, Kégresse, Hinstin.

Hapa kuna badiliko ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote katika maisha yake. Kwa mfalme, mkanda uliwekwa kwenye magari mazito ya mashini kubwa. Kwa Citroën uliwekwa kwenye gari dogo la watu wa kawaida, mashini ya sentimita za ujazo 1.452, nguvu kama za farasi 20. Pikipiki mbili za motari wetu zikiunganishwa zinaikaribia. Na kigari hicho kilipelekwa jangwani. Tarehe 17 Desemba 1922 magari 5 yalitoka Touggourt, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Tarehe 7 Januari 1923 yakaingia Timbuktu. Hakuna gari lingine lililokuwa limevuka Sahara kabla yao. Katika watu 10 wa msafara kulikuwa pia mbwa wa Haardt, na magazeti ya Paris yalimpenda mbwa kuliko mafundi.

Citroën akalewa sifa. Alitaka kufungua safari za anasa za kuvuka jangwa: matajiri wa Ulaya wakae kwenye magari ya mikanda, walale kwenye kambi zenye vitanda vizuri na chakula cha hoteli, mpaka Timbuktu. Kampuni iliundwa, kambi zikajengwa, na mfalme Albert wa Wabelgiji, yule yule aliyekuwa anatutawala sisi, alikuwa ametajwa kama mgeni wa kwanza. Mwanzoni mwa Januari 1925, siku chache kabla ya kufungua, yote yakasimamishwa. Walisema wanyang'anyi wa jangwani wanafanya njia kuwa ya hatari. Pesa zikapotea mchangani.

Lakini wakati huo msafara mwingine ulikuwa tayari njiani, na huu ulikuja mpaka kwetu. Tarehe 28 Oktoba 1924 Haardt na Audouin-Dubreuil walitoka Colomb-Béchar na magari 8, kila moja na jina na alama yake: Mdudu wa Dhahabu wa Haardt, Mwezi wa Fedha wa Audouin-Dubreuil, na mengine ya jua, ya tembo, ya njiwa, ya konokono mwenye mabawa. Kila gari lilivuta rimoriki. Kulikuwa mahema, vitanda vya kukunja, vyombo vya kupikia, mashini za sinema za Léon Poirier, na rangi za mchoraji Mrusi Alexandre Iacovleff. Walipita Niger, Chad, Oubangui, wakaingia Kongo ya Wabelgiji upande wa kaskazini, wakafika Niangara kwa Wamangbetu, na Iacovleff akachora wanawake wa kule na vichwa vyao virefu vilivyofungwa tangu utoto. Picha hizo zilipendwa sana Paris. Kampala msafara uligawanyika mara nne: mmoja Mombasa, mmoja Dar es Salaam, mmoja Msumbiji, na wa nne, wa Charles Brull, ukaelekea Cape Town. Mitatu ya kwanza ilivuka bahari ikakutana Antananarivo tarehe 26 Juni 1925. Kégresse hakuwa kati ya wasafiri. Jina lake lilikuwa chini, kwenye mikanda.

Ulaya ilisoma kwamba magari yameshinda Afrika. Sisi tunasoma tofauti kidogo. Katika jangwa, ndiyo, mkanda ulifanya kazi yake. Katika pori la Kongo, mkanda wa sentimita chache upana haukati mti wa mvule. Njia ilifyekwa mbele ya magari na wanakijiji, kwa amri ya serikali ya koloni, na kila mtu anajua amri ile ilikuja na nini mkononi. Mito ilipitwa kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja na kupigwa kasia na watu. Esansi na vipuri vilikuwa vimepelekwa mbele miezi kabla, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilitembea juu ya vichwa. Miaka hiyo hiyo, hapa Kivu, kampuni ya MGL ilianzishwa, 1923, na mababu wa wasomaji wetu wa Kamituga walianza kufungua njia za dhahabu kwa jembe na panga. Wao hawakuchorwa na Iacovleff.

Na kuhusu mpira wenyewe: wakati ule nusu karne ilikuwa haijapita tangu wazee wa Équateur wakatwe mikono juu ya mpira wa mfalme Leopold. Mikanda ya Kégresse ilikuja baadaye, wakati mpira wa dunia ulikuwa umehamia kwenye mashamba ya Asia, kwa hiyo hatumbebeshi dhambi isiyo yake. Lakini gari la mpira lilipokuja kupita Kongo kama kitu kigeni cha kushangaza, kulikuwa wazee barabarani wenye waliujua mpira kuliko wasafiri.

Safari nyingine zilifuata. Mwaka 1931 na 1932 magari ya Citroën yalivuka Asia mpaka Beijing, na Haardt akafa Hong Kong mwezi wa tatu 1932, kabla ya kurudi nyumbani. Byrd wa Marekani alichukua 3 mpaka Antaktika. Lakini ile inayotuvutia zaidi ni ya Charles Bedaux, mwaka 1934. Bedaux alikuwa Mfaransa aliyetajirika Marekani kwa kuuza viwandani namna ya kupima mfanyakazi kwa saa: kila tendo la mkono lina dakika yake, na mshahara unafuata. Wafanyakazi wa nchi nyingi walimchukia na kugoma. Tajiri huyo alinunua magari 5 ya mikanda, akaongeza farasi zaidi ya 100, mke wake, mtumishi wa kike, wapiga sinema na masanduku ya shampanye, akaingia milima ya magharibi ya Kanada yenye haijachorwa kwenye ramani vizuri.

Mvua ikanyesha. Udongo wa kule, kama wa Makobola, ukawa sabuni. Magari yakateleza, yakazama, yakameza esansi. Wiki baada ya wiki vibarua walikata miti na kuweka chini ili mikanda ipate pa kushika, yaani tulirudi kwenye ubao. Mwishoni Bedaux aliamua kuyatoa maisha magari yenyewe ili angalau sinema iwe nzuri: mengine yakasukumwa jabalini mbele ya kamera, mengine yakaachwa. Akaendelea na farasi, na farasi nao wakashindwa. Mtu aliyepima dakika za wengine alipoteza miezi yote ile.

Mwaka huo huo, Desemba 1934, Citroën alifilisika. Michelin wakachukua kampuni, na yeye akafa Julai 1935. Safari kubwa zikaisha. Kégresse akabaki na karakana na kichwa chake.

Mkanda wenyewe ulikuwa umeshaondoka mikononi mwake. Majeshi ya Ufaransa, Ubelgiji, Poland na mengine yaliununua. Marekani ilinunua gari moja mwaka 1931 ili kulisoma, na kazi ya kutengeneza la kwao ikapewa Cunningham ya Rochester, kampuni ndogo iliyojulikana kwa magari ya anasa ya matajiri. Kutoka mfano ule Wamarekani walikuja kutoa, wakati wa vita vya pili, makumi ya maelfu ya magari ya kijeshi yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma. Kilichobuniwa ili mfalme asilowe miguu kikabeba askari kutoka Tunisia mpaka Ujerumani.

Kuko na jambo lingine, chungu zaidi. Kabla ya vita Kégresse alikuwa anajaribu kigari kidogo cha mikanda, kisicho na mtu ndani, cha kuongozwa kutoka mbali. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Ufaransa, mfano huo ukapatikana karibu na mto Seine. Waliupeleka Bremen, kwa kampuni ya Borgward, na baada ya muda kikatoka kile walichokiita Goliath: kisanduku chenye mikanda, urefu usiofika kiuno cha mtu, kinachovuta waya nyuma yake na kubeba kilo 60 za baruti, baadaye 100. Askari anajificha, anakisukuma kwa waya mpaka chini ya ukuta au kifaru, anabonyeza, na kigari kinalipuka na vyote. Wachimbaji wanaotega dinamiti kwenye mwamba wanajua kilo 60 zinafanya nini. Zilitengenezwa zaidi ya 7.000, na mwaka 1944 zilipelekwa kwenye mitaa ya Warsaw dhidi ya watu waliosimama kujikomboa. Kégresse hakuliona hilo.

Alikuwa amerudi kwenye gia. Aliona kwamba kila mara shoferi anapokanyaga ambreyaji, ile pedeli ya kushoto, nguvu ya mashini inakatika, na kwenye mlima gari linapoteza mwendo. Wale wanaopanda na kamyo kutoka Fizi wanasikia mashini inavyolia katikati ya gia mbili, na taniboi anakaa tayari na jiwe mkononi. Kégresse akaweka ambreyaji mbili: moja inashika gia ya kwanza na ya tatu, nyingine ya pili na ya nne. Moja ikiachia, nyingine imeshashika, na nguvu haikatiki. Mwaka 1939 aliandikisha wazo hilo na kulijaribu kwenye gari la Citroën. Vita vikaanza, pesa na vyuma vikakosekana, kazi ikabaki kwenye karatasi.

Alifariki mwaka 1943 huko Croissy-sur-Seine, mto ule ule, Paris ikiwa bado chini ya Wajerumani, na hakuna gazeti lililokuwa na nafasi kubwa kwa fundi wa Tsar. Ambreyaji zake mbili zilingoja. Porsche walizitumia kwenye magari ya mashindano katika miaka ya 1980, na mwaka 2003 Volkswagen wakaziweka kwenye gari la kuuzwa dukani. Leo ziko kwenye magari mengi, na baadhi yanashuka bandarini yakiwa yamechoka na kufika mpaka kwetu. Makanika wa huku wanazilaani, juu zikiharibika hakuna wa kuzitengeneza, na jina la mwenye alizifikiria kwanza halijaandikwa popote kwenye bwati.